Mjumbe wa Wafanyakazi na Daftari Lake



Kila tunapofanya uchaguzi wa tawi, kiwandani au shambani, naliona jambo lile lile. Watu hukusanyika saa ya chakula, msimamizi wa uchaguzi huuliza nani anapendekezwa, na jina la kwanza kutajwa ni la yule mwenye sauti kubwa. Ndiye aliyemjibu meneja mbele ya watu. Ndiye aliyepiga meza. Watu husema, "Huyu haogopi," wakampa kura zao. Miezi sita ikipita, wafanyakazi wale wale wananipigia simu: njoo utubadilishie mjumbe, huyu hatumwoni.

Mimi mwenyewe nilichaguliwa namna hiyo, kwa hiyo simcheki mtu. Nilikuwa kijana, nafunga bidhaa katika kiwanda kimoja hapa Kampala. Shule niliachia darasa la saba. Nilijua Kiluganda, Kiswahili, na Kiingereza cha kuombea maji, na nilidhani kazi ya mjumbe ni kusema. Nasimulia yaliyonipata ili mwenzangu aliyechaguliwa mwaka huu asiyarudie.

Mama mmoja wa idara yetu alinijia getini jioni. Alikuwa amekatwa mshahara wa siku tatu ambazo alikuwa kazini, na wenzake walimwona. Nikamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, nitalishughulikia." Sikuandika mahali popote. Kesho yake kulikuwa na jambo lingine, na kesho kutwa lingine. Mwezi uliofuata akakatwa tena. Hakunijia mimi. Alimwendea msimamizi peke yake, maneno yakawa makali, na siku hiyo hiyo akapewa barua ya kufukuzwa bila mtu kumsikiliza.

Hapo sasa ndipo nilipoamka. Nilipiga kelele getini, nikaingia ofisini, nikaambiwa rudi Jumatatu, nikarudi Jumatatu nikaambiwa bwana mkubwa amesafiri. Nilifurahi kwa kuwa wafanyakazi waliniona nikienda na kurudi. Nilipompeleka mama yule kwa afisa wa kazi, ilikuwa wiki ya kumi na tano tangu tarehe ya ile barua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema aliyefukuzwa apeleke malalamiko kwa afisa wa kazi katika muda wa miezi mitatu. Akichelewa, aonyeshe sababu ya haki. Afisa akauliza kwa upole kabisa: "Mbona mmechelewa?" Mama akanigeukia mimi. Sikuwa na tarehe niliyokwenda ofisini mara ya kwanza. Sikuwa na jina la niliyezungumza naye. Sikuwa na karatasi hata moja. Malalamiko yakafia pale pale mezani.

Mama huyo sasa anauza nyanya katika soko la Nakawa. Nikipita hunisalimia vizuri, na nikinunua huniongezea moja. Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo natembea na daftari la shule, lile la kawaida. Wajumbe wapya hunicheka wanapoliona, wakisema siku hizi kuna simu. Sawa, andika hata kwenye simu, lakini andika. Mimi huandika tarehe, jina la mtu, jambo lake kwa maneno yake mwenyewe, nilikwenda kwa nani, alinijibu nini, na upande wa mwisho kabisa: nimemrudishia jibu siku gani. Upande huo wa mwisho ndio unaosahauliwa na wengi. Mjumbe hupokea jambo, hulifikisha, hupambana, halafu haendi kumwambia mwenye jambo limefika wapi. Mwenye jambo anakaa wiki tatu akidhani amepuuzwa. Hata kama ofisi haijajibu, nenda umwambie, "Ndugu, bado hawajajibu, nitarudi kwao Alhamisi." Hilo nalo ni jibu. Mtu anayejua kwamba jambo lake halijasahauliwa anaweza kungoja. Asiyejua atamwendea msimamizi peke yake, kama mama yule.

Sheria zetu zenyewe huhesabu siku, na anayekwenda mbele yake bila tarehe anakwenda mikono mitupu. Chini ya sheria hiyo ya 2006, mwajiri aliyejua kosa la mfanyakazi akakaa siku 15 bila kumpa adhabu, huhesabiwa kwamba ameiacha haki yake ya kumwadhibu, isipokuwa pawe na sababu isiyo ya kawaida. Anayesimamishwa kazi ili achunguzwe hulipwa nusu mshahara, na kusimamishwa huko hakuwezi kupita wiki nne. Nimeona watu wamekaa nyumbani miezi miwili, na mjumbe wao hajui walisimamishwa tarehe ngapi. Mwajiri ana karani na faili. Sisi faili letu ni hilo daftari.

KUSIKILIZA KABLA YA KUSEMA

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mjumbe aliye karakana hajui kinachowauma watu wa jikoni, na wa kiwandani hajui kinachowauma wakata miwa. Njia ya kujua ni kuuliza na kunyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu.

Nilijifunza hili kwa mjumbe mmoja wa shamba la chai upande wa magharibi mwa nchi. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, hata kura alizipata kwa shida. Nilipotumwa kule, wafanyakazi walikuwa wanataka kugoma, na neno lao lilikuwa moja: mshahara mdogo. Mimi nilikuwa tayari nimeandaa hotuba ya mshahara mdogo. Yeye akaniambia, "Mzee, ngoja kwanza jioni."

Jioni tukaenda kambini. Akaketi kwenye kigogo mahali akina mama walipokuwa wanapika posho, akawasalimu mmoja mmoja, akauliza watoto, akauliza mvua. Halafu akauliza swali moja tu: "Leo mizani ilikuwaje?" Akanyamaza. Nilitaka kuongeza neno, akanigusa goti. Kimya kikawa kirefu mpaka nikaona haya. Kisha mama mmoja akasema kwamba karani wa mizani wa upande wa mtoni hupunguza uzito wa gunia na kuongeza tena kupunguza kwa ajili ya umande, hata siku ambayo hakuna umande. Mwingine akasema upande wao karani hupunguza gunia tu. Wa tatu akasema yeye hajawahi kuuona mshale wa mizani hata siku moja, kwa maana karani husimama mbele yake. Mshahara mdogo ulikuwa kweli, lakini kulikuwa na jambo ndani ya jambo.

Mjumbe yule hakwenda kupiga kelele. Aliwaomba wachumaji kumi wakumbuke kilo walizoitiwa kila siku, naye akapita usiku akiziandika, kwa wiki mbili nzima. Mwisho wa mwezi akaziweka kando ya hati zao za mshahara. Tulipoingia kwa meneja hatukuanza na neno wizi. Tulimwonyesha hesabu na kumwomba atueleze. Meneja mwenyewe alikuwa hajui kwamba makarani wake wawili wana kanuni mbili. Tulitoka na makubaliano kwamba uzito wa gunia uwe mmoja shamba zima, na mchumaji asimame mahali anapouona mshale. Fedha zilizokwisha kukatwa hazikurudi zote. Walilipwa za mwezi ule mmoja tu, na wengine wakanung'unika, nao walikuwa na haki kunung'unika. Lakini hakuna aliyefukuzwa, na mgomo uliokuwa uanze kwa neno lisilo na ushahidi haukuhitajika.

Mfanyakazi akija kwako, neno lake la kwanza mara nyingi siyo jambo lenyewe. Ataanza na chakula kibaya, au na basi lililochelewa. Mwache. Ukimkata kauli na kumwambia "najua, najua", ataondoka nalo.

Kwa akina mama ni zaidi. Tunaitisha mkutano saa kumi na moja jioni, kisha tunasema wanawake hawapendi chama. Saa hiyo mama anakimbia kuwahi mtoto aliyemwacha kwa jirani. Fanya mkutano saa ya chakula, hata dakika ishirini, utaona wanavyokuja. Na kuna mambo ambayo mwanamke hatamwambia mjumbe mwanamume mbele ya watu. Sheria ya 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuzuia wanawake na wanaume kusumbuliwa kwa mambo ya mapenzi kazini, lakini sheria hiyo haifanyi kazi ikiwa wa kwanza kuambiwa ni mjumbe asiyejua kufunga mdomo. Jambo la namna hiyo haliandikwi kwa jina katika daftari linaloachwa juu ya meza. Na kila kamati iwe na mama ambaye wenzake wanamwamini, siyo wa kujaza nafasi.

Wazee watakumbuka habari za Bugolobi. Oktoba 2003, wasichana waliokuwa wakishona nguo za kwenda Marekani katika kiwanda cha Tri-Star waligoma, na mamia wakafukuzwa. Nchi nzima iliwajua siku ile ya mgomo. Mimi huwauliza wajumbe wapya: kabla ya siku ile, ni nani aliyekuwa na kazi ya kulipokea lalamiko la msichana mmoja wakati bado ni lalamiko la mtu mmoja, akalifikisha na kurudi na jibu? Kazi hiyo ndiyo yetu.

LUGHA GANI, NA KWA NANI

Kampala haina lugha moja ya kazi. Katika shifti moja utamkuta Muganda, Msoga, Mlugbara, Mwaluri, Mkiga na Mwacholi. Mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi tangu zamani yalijaa watu kutoka West Nile. Katika miaka ya 1960 reli na viwanda vya mjini vilikuwa na Wakenya wengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazini na ya chama. Hata serikali ya Obote ilipowaondoa maelfu ya wafanyakazi wa Kenya mwaka 1970, Kiswahili hakikuondoka nao. Hapa hapa Kampala ndipo lilipofunguliwa lile shule kubwa la vyama huru vya wafanyakazi mwaka 1958, ambako viongozi kutoka nchi nyingi za Afrika walikuja kujifunza uongozi, na walifundishwa kwa Kiingereza. Walipotoka pale na kurudi matawini, ilibidi kila mmoja atafute maneno ya kuwaambia watu wake. Kazi hiyo ya kutafuta maneno haijaisha.

Tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Ni jambo jema kwetu. Lakini mjumbe awe na akili. Wako wazee wa Buganda ambao wakisikia Kiswahili wanakumbuka askari wa wakati wa Amin waliovunja milango kwa lugha hiyo. Mzee wa namna hiyo msalimie kwa Kiluganda, piga goti kidogo kama ni desturi yake, umwite ssebo, ndipo muendelee. Hujapoteza kitu. Na kijana wa Arua anayefika kwa basi hajui Kiluganda wala Kiingereza. Ukimhutubia kwa lugha hizo mbili umemfukuza mkutanoni bila kumgusa.

Mimi husoma maazimio kwa lugha mbili, na mtu wa tatu akasoma kwa lugha ya tatu. Huchukua muda. Halafu siulizi, "Mmeelewa?" Swali hilo halina faida, watu wote hujibu ndiyo. Mimi humchagua mmoja na kumwuliza: "Wewe utakwenda kumwambia nini mwenzako wa shifti ya usiku?" Akirudia, hapo ndipo utakapojua ulichosema. Mara ya kwanza nilipojaribu, mtu alirudia kwamba tumekubaliana mshahara umepanda, na mimi nilikuwa nimesema tumekubaliana kuomba mshahara upande. Ningeondoka bila kuuliza, kesho yake kiwanda kizima kingedai nyongeza isiyokuwepo, na mwongo angekuwa mimi.

Ujumbe wa simu nao una matata yake. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kuwaita watu, lakini maneno ya hasira yaliyoandikwa usiku hufika ofisini kabla ya kifungua kinywa, na yanafika yamepigwa picha. Jambo zito lisemwe uso kwa uso.

MBELE YA MENEJA

Usiingie peke yako. Hata ukiwa mwaminifu kama malaika, wafanyakazi waliobaki nje wanahesabu dakika, na ukitoka unafuta mdomo watasema umenunuliwa kwa soda. Soda siyo dhambi, lakini inywe ukiwa na mwenzako. Ingieni wawili au watatu, na kabla ya kuingia mpatane nani atasema, nani ataandika. Mkitofautiana mle ndani, msibishane mbele ya mwajiri. Ombeni dakika tano mtoke nje. Hakuna meneja aliyekataa dakika tano.

Anza na jambo, siyo na tabia ya mtu. Ukisema "Bwana Meneja, wewe ni mkandamizaji," mazungumzo yatakuwa juu ya kama yeye ni mkandamizaji. Ukisema "Watu kumi na wawili wa idara ya rangi hawajapewa glavu tangu tarehe tatu, majina ni haya," itabidi ajibu habari za glavu. Akijibu, rudia jibu lake kwa sauti: "Kwa hiyo umesema glavu zitafika Ijumaa." Mwenzako anaandika. Siku hiyo hiyo peleka barua fupi ofisini: tulizungumza leo, mlituambia hivi. Hakuna haja ya Kiingereza kikubwa. Mistari minne yatosha. Weka nakala yenye sahihi ya aliyeipokea.

Na usiahidi usichonacho. Neno letu ni "nitakwenda kuuliza", siyo "nitakupatia".

Kuna mahali ambapo haya yote hukutana, napo ni pale mfanyakazi anapoitwa kujibu mashtaka. Sheria ya 2006, katika kifungu kilichokuwa cha 66, inasema kwamba kabla mwajiri hajaamua kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbaya, amweleze sababu kwa lugha ambayo mtu huyo anatarajiwa kuielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine anayemchagua yeye mwenyewe. Apewe pia muda wa kutosha kujiandaa. Wafanyakazi wengi hawajui habari hii. Huingia peke yao, husomewa Kiingereza, hutia sahihi.

Mwaka jana nilimsindikiza mjumbe mpya katika kesi ya namna hiyo, katika kiwanda cha plastiki. Kijana mmoja kutoka West Nile alishtakiwa kwamba alikataa amri ya msimamizi. Karatasi ilisomwa kwa Kiingereza, haraka, kijana akitazama sakafu. Mjumbe akainua mkono, akasema kwa adabu: "Bwana, tunaomba yasomwe kwa Kiswahili, ndiyo lugha anayoielewa." Ofisa akakunja uso, lakini akamwambia msimamizi aeleze mwenyewe kwa Kiswahili kilichotokea.

Msimamizi akaanza. Kwa Kiingereza ilikuwa "alikataa kazi". Kwa Kiswahili ikabidi aseme ni kazi gani, mashine ipi, saa ngapi. Ikatoka kwamba ni mashine namba nne. Mjumbe akafungua daftari lake, akasoma: tarehe tisa, kijana huyu ameniambia kifuniko cha mkanda wa mashine namba nne kimetolewa, tarehe kumi, nimemwambia msimamizi wa shifti, amejibu fundi atakuja. Chumba kikanyamaza. Ofisa akamwuliza msimamizi kama ni kweli. Akasema ni kweli, lakini kijana alimjibu vibaya. Kijana akaulizwa, akakubali kwamba alimjibu vibaya, akaomba radhi.

Barua ya kufukuza haikuandikwa. Alipewa onyo kwa yale maneno aliyoyasema, nasi hatukupinga, kwa kuwa maneno yenyewe hayakuwa mazuri. Fundi aliitwa mchana ule, kifuniko kikarudishwa kabla ya shifti ya usiku. Mjumbe hakupiga meza hata mara moja. Alipotoka nje aliegemea ukuta, akaandika tarehe na jibu, kisha akaenda getini kuwangoja wa usiku, kwa maana wawili kati yao walikuwa wamemwuliza habari za mashine ile.